Wazee Wabaki Nyuma

Bučovice, 9 Oktoba 1994

Radim mpenzi,

Barua yako imefika leo asubuhi. Nimeisoma nimesimama mlangoni, Anežka mkononi akijaribu kula bahasha. Ana jino! Moja tu, la chini, lakini analitumia kama anayo thelathini. Ameshaning'ata bega, amemng'ata mama yangu kidole, na jana paka wa jirani alikimbia kabla hajafikiwa.

Haya, nimekubali. Siku ile kituoni nilikwambia sitaweza kwa sababu nilikuwa nalia, na mtu anayelia hakubali kitu. Nimemwandikia Bwana Hudec huko Olomouc, naye amejibu kwa mwandiko wake ule mzuri. Anasema yeye kama mwamuzi hana kipingamizi: jenerali akiitwa kutumikia jeshi la kweli, mkewe anaweza kuliongoza jeshi lake la mchezo mpaka atakaporudi. Haijawahi kutokea, lakini hakuna sheria inayokataza. Kwa hiyo sasa wewe ndiye kuruta unayemenya viazi, na mimi ndiye jenerali. Piga saluti.

Shule yangu unaijua, iliishia kwenye cherehani. Lakini kitabu cha sheria nakisoma kila Anežka anapolala mchana, na sehemu ya ari nimeirudia mpaka nimeielewa. Nilidhani mchezo wenu huu wa vita kwa barua za posta ni kuua tu. Kumbe kuua ni kidogo! Kitabu kizima kinauliza nani ana njaa, nani kachoka, nani kamwona jirani yake akitimka, nani hajamtia kamanda wake machoni tangu asubuhi. Kila kikosi kina namba yake ya ari, na namba ikishuka, dadu ndiyo inayoamua kama watasimama au watakimbia. Mambo haya nayajua, Radim. Ni nyumba yenye watoto wengi.

Ile mila ya chama chenu ndiyo siipendi. Eti nusu ya vikosi vikikimbia, jeshi limevunjika, na mshindi anakuja mpaka nyumbani kwako kuchagua kikosi kimoja. Wala si kwenye karatasi: anachukua askari wenyewe wa madini ya risasi, anawatia kwenye sanduku na kuondoka nao. Na sote tunajua mpinzani wako Zouhar atachagua nini. Atachagua Wazee.

Nawaona hapa ninapoandika, na zile kofia zao ndefu za manyoya. Sharubu zao Baba yako alizichora moja moja majira yake ya mwisho ya baridi, macho yameshamchosha, amevaa miwani miwili kwa mpigo. Hakuna wawili wanaofanana. Mmoja wa mstari wa pili ni Baba mtupu, sijui kama alikusudia.

Hawatatoka nyumba hii. Nakuahidi.

Wako Blanka (na mwenye jino)


Bučovice, 13 Oktoba 1994

Mheshimiwa Bwana Hudec,

Natuma mpangilio wa jeshi la Doležel kwa majira haya, kama ulivyoagiza, brigedi kwa brigedi. Nimenakili vile wanavyosimama mezani. Kama nimekosea jina la kikosi, niwie radhi, mengine ni ya Kijerumani na yana herufi nyingi kuliko askari.

Nikueleze kidogo. Wiki hii alikuja mfagia bomba la moshi, na ilibidi nihamishe jeshi zima kwenye kitanda kwa sababu ya masizi. Nilipowarudisha nikaona Radim aliwapanga ovyo, nadhani kwa haraka ya kuondoka: kola nyekundu na njano na kijani zote zimechanganyika. Nimewaweka vizuri. Sasa kila rangi iko na wenzake, na wanapendeza sana.

Wako mwaminifu,
Blanka Doleželová


Kambini, 16 Oktoba 1994

Jenerali wangu,

Nimepiga saluti kwa kisu cha viazi. Koplo wa jikoni akauliza namsalimia nani, nikamwambia mke wangu, akasema hiyo ndiyo saluti ya kweli pekee aliyowahi kuiona hapa.

Unasema kitabu kinahusu njaa na uchovu. Njoo uone huku. Supu ikiwa nzito, hakuna anayelalamika hata tukikimbizwa kwenye matope. Jana ilikuwa maji, na kufika jioni mtu alikuwa ameshaandika tusi ukutani kwa haradali. Ari ya jeshi la kweli iko ndani ya sufuria, na mimi ndiye ninayeikoroga.

Sasa sikiliza, mambo mawili tu. La kwanza, usiguse mpangilio. Najua unaonekana ovyo, lakini nimeufikiria mwaka mzima. Kila brigedi ina vikosi viwili vya wakongwe, na katikati yao nimeweka kikosi kimoja cha makuruta, wale wa kola za njano, kama mtoto anayevushwa barabara na baba na mama. Ukiwaacha peke yao, risasi ya kwanza tu wanaita mama.

La pili, Wazee wabaki nyuma. Waweke karibu na mahema, mbali na mizinga. Zouhar aliwatamani tangu Baba yuko hai, alimwambia mbele ya watu kule ukumbi wa wazima moto: "Bohumír, siku moja hao watalala kwangu." Baba akacheka. Mimi sicheki. Nimeshampoteza mwenyewe, sitaki kuzipoteza na sharubu alizozichora.

Mbusu mwenye jino.

Radim


Bučovice, 20 Oktoba 1994

Bwana Hudec, tafadhali sana,

Ile karatasi ya mpangilio niliyotuma ichome moto! Nimepata barua ya mume wangu, na haikuwa ovyo hata kidogo. Mimi ndiye niliyefanya ovyo. Rangi zilichanganywa kwa makusudi. Nitakutumia nyingine leo hii, niambie tu kwamba bado hujaipokea ile.

Blanka D.


Olomouc, 24 Oktoba 1994

Mheshimiwa Bibi Doleželová,

Nimeipokea ile, na kanuni ya chama chetu unayo mwenyewe ukurasa wa kwanza: kilichopigwa muhuri wa posta ni amri. Hata mimi siwezi kukiondoa. Kuna jenerali mmoja aliwahi kuandika "kulia" akiwa na maana ya kushoto, na jeshi lake likaenda kuogelea.

Naomba usijilaumu. Ila ni haki yako kujua ulipo. Rangi ya njano ilikuwa ya makuruta wote, na sasa wote wako brigedi moja, nayo umeiweka kushoto kabisa, kando ya mto. Hawana mkongwe hata mmoja wa kumtazama. Aidha, vikosi vyako vyote vimepoteza alama moja ya ari kwa kuwekwa na wasiowazoea. Alama hiyo hurudi wakikaa pamoja kwa muda bila kusumbuliwa.

Mimi ni mwamuzi, siruhusiwi kushauri. Naruhusiwa kumkumbusha mtu kwamba sura ya mikate ipo ukurasa wa kumi na tisa, na kwamba mke wangu, ambaye ndiye shahidi wangu kila ninapotupa dadu kwenye kifuniko cha kopo la biskuti, anakutakia heri.

Ctibor Hudec


Bučovice, 2 Novemba 1994

Radim mpenzi,

Leo tulikwenda makaburini na mama. Nilimwashia Baba mshumaa mkubwa ule mwekundu, wa kwako, na mdogo wa Anežka. Upepo ukauzima mdogo, nikauwasha tena, ukazima tena, mwisho mama akasema, "Mwache mtu apumzike." Nikacheka pale pale kaburini na watu wakanitazama.

Jeshi halijambo. Wanapendeza sana. Nimewapatia mikate ya kutosha upande wa kushoto na wanapumzika. Usiwe na wasiwasi na kitu, we koroga supu yako vizuri.

Anežka sasa anakaa peke yake, anaanguka kwa pembeni polepole kama gunia, halafu anashangaa nani kamsukuma.

Nakupenda.

Blanka


Kroměříž, 7 Novemba 1994

Mheshimiwa Bibi Jenerali,

Niruhusu nijitambulishe, maana tulisalimiana tu kwenye mazishi ya marehemu Bohumír. Mimi ni Zouhar, muuza nyama, na kamanda wa Wafaransa wote unaowaona wanakuja.

Nasikia jeshi la Doležel sasa linaongozwa kutoka jikoni. Ninaogopa, nakiri. Nimeoa miaka mingi, na mashambulizi yote mabaya yaliyowahi kunipata yalitoka huko huko.

Wapelelezi wangu wa farasi wameniletea habari njema, kwamba mkono wako wa kushoto umechanua kama shamba la alizeti. Nimefika umri huu sijawahi kuona jenerali anayewapanga askari kama maua kwenye chombo. Basi nitapitia hukohuko kuja kunywa kahawa kwako.

Nimemwambia mke wangu aondoe chombo chake cha kioo kwenye rafu ya sebuleni. Wazee wa Bohumír watakaa pale, wanapata mwanga mzuri wa asubuhi. Sitawaonea, nitawapenda.

Kwa heshima zote,
Alfréd Zouhar


Bučovice, 10 Novemba 1994

Bwana Zouhar,

Kahawa ipo. Ila ukija kwa upande wa kushoto uvue buti, nimepiga deki.

Chombo cha mkeo usikiondoe bado, kisije kikavunjika bure.

Blanka Doleželová


Kambini, 15 Novemba 1994

Blanka,

Zouhar amenitumia kadi ya posta. Mbele kuna picha ya bustani ya mjini kwao. Nyuma ameandika maneno matatu: "Hongera kwa rangi."

Rangi gani?

Radim


Bučovice, 19 Novemba 1994

Radim,

Usimkasirikie Bwana Hudec. Wala usinikasirikie mimi kabla ya kufika mwisho wa barua.

Mfagia bomba la moshi alikuja. Nikawahamisha. Nikawarudisha kwa rangi, kwa sababu niliona mwekundu mmoja amesimama katikati ya kijani, nikamwonea huruma, nikadhani amepotea kwao. Halafu nikaandika hivyo hivyo na kutuma. Barua yako ya kunikataza ilifika baadaye. Kwa hiyo makuruta wote wa njano wako pamoja kando ya mto, na Zouhar anajua.

Sikukwambia kwa sababu uko mbali na usingeweza kufanya kitu ila kukosa usingizi. Nilifikiri nitalitengeneza kwanza, ndipo nikwambie limetengenezeka.

Na kwa kweli linatengenezeka kidogo. Nimeyapeleka magari yote ya mikate kwa wa njano. Nimewapa mapumziko, hawatembei usiku. Yule jenerali wako aliye juu ya farasi mweupe nimempeleka kwao akae nao, maana kitabu kinasema wanaomwona kamanda wanajipa moyo. Bwana Hudec anasema ari yao imepanda mpaka karibu na ya watu wazima. Unajua nilivyofurahi? Kama Anežka alipokaa.

Sasa kasirika ukitaka. Maandazi ya mbegu za mpopi yako njiani kwa kifurushi, hasira na maandazi havihusiani.

Blanka


Kambini, 23 Novemba 1994

Blanka wangu,

Nilisoma barua yako chini kwenye stoo ya viazi, na nilipofika kwa huyo mwekundu aliyepotea kwao nikacheka mpaka koplo akashuka kuangalia kama nimeumia. Ikabidi nimsomee. Akawasomea wengine. Sasa jikoni kote huku ukikosea kitu unaambiwa, "Umepanga kwa rangi."

Unajua kwa nini makuruta wote ni wa njano? Baba alipewa kopo kubwa la rangi na mtu wa karakana ya mabasi, akasema hatununui nyingine mpaka hili liishe. Kila askari tuliyemnunua mwaka ule akatoka wa njano. Kwa hiyo kosa ni la mabasi.

Sikukasirika. Nilikasirika kidogo, mpaka maandazi yalipofika.

Lakini Blanka, kwa hili sina mzaha. Mkono wa kushoto ukivunjika, uvunjike. Kampeni tukishindwa, tushindwe. Ila Wazee wabaki nyuma, hata iweje. Nikilala huku nawaza kwamba wako pale juu ya meza na wewe na mtoto mko chumba cha pili, na napata usingizi. Nipe neno lako.

Radim


Olomouc, 28 Novemba 1994

Mheshimiwa Bibi Doleželová,

Hii ni taarifa ya mwamuzi juu ya pambano, kutoka alfajiri mpaka saa tisa alasiri ya siku ya mchezo.

Bwana Zouhar alishambulia kushoto kama alivyotangaza. Vikosi vyako vitatu vya njano vilisimama mara ya kwanza. Vikasimama na mara ya pili, jambo ambalo mke wangu alilipigia makofi, nami nikamkumbusha kwamba yeye ni shahidi. Mara ya tatu vyote vitatu vilikimbia, na sasa vinaelekea kwenye daraja lililo nyuma yako bila mpangilio.

Ni wajibu wangu kueleza pia ya kulia. Vikosi viwili vya kola nyekundu, vyote vya wakongwe, vilikimbia kwa mizinga ya kwanza. Havikuwa na mikate. Magari yote yalikuwa kwa makuruta.

Hivyo katika vikosi vyako kumi na viwili, vitano vimekimbia. Kikikimbia kimoja tena kabla ya giza, jeshi limevunjika. Waliobaki kwenye mstari wamepoteza alama moja zaidi ya ari, kwa kanuni isemayo kwamba askari wanaopigwa huku wakiona kikosi bora kimekaa nyuma bila kuguswa, hunung'unika. Kikosi hicho ni kile chenye kofia za manyoya.

Nahitaji amri yako ya saa za mwisho kwa posta ya Alhamisi.

Ctibor Hudec


Bučovice, 1 Desemba 1994

Mheshimiwa Bwana Hudec,

Wale wa kulia wamenikata maini. Sikuwafikiria kabisa. Niliona wamekomaa, nikasema wakubwa watavumilia, na wakubwa nao wana matumbo. Hata nyumbani huwa nafanya hivyo: namlisha mtoto, nasahau kwamba mimi mwenyewe sijala tangu asubuhi, halafu nashangaa kwa nini nalia.

Muda wa kumwuliza mume wangu sina. Barua ikienda na kurudi, Alhamisi yako imepita. Ninajua angejibu nini. Ameshanijibu, na neno langu nilikuwa bado sijampa, nashukuru Mungu.

Nimekisoma kitabu usiku na mchana, naona mambo matatu. Nikikaa hapa nilipo, kimoja kitakimbia, watu wamechoka na wananung'unika. Nikisema wote warudi nyuma ng'ambo ya daraja, jeshi linaloondoka kwa utaratibu halihesabiwi limevunjika. Lakini lazima kikosi kimoja kibaki mlangoni mwa daraja mpaka wa mwisho apite. Kikosi chenye ari ndogo hakiruhusiwi kubaki. Na kikosi kinachobaki, kikiisha, kimeisha kwenye karatasi tu, hakihesabiwi kama kilichokimbia.

Kama nimesoma vibaya, shule yangu ni hiyo. Kilichopigwa muhuri ni amri.

Amri yangu ni hii. Jeshi lote livuke daraja. Mikate yote ivushwe ng'ambo, wagawiwe wote sawa, wekundu kwanza. Jenerali wa farasi mweupe asivuke mpaka wa njano wapite, wamwone.

Wazee waende mbele. Wasimame darajani.

Blanka Doleželová


Kroměříž, 8 Desemba 1994

Bibi Jenerali,

Nimeipata taarifa ya mwamuzi, na nadhani wewe pia. Uwanja ni wangu. Nimeshinda. Naandika hivyo ili kuwe na ushahidi mahali fulani, maana hapa nyumbani hakuna anayeamini.

Nilipoona kofia za manyoya zinatembea kuja mbele, nilisimama kwenye kiti. Nikasema, wamekuja wenyewe! Nikawatupia farasi. Wakasimama. Nikawatupia farasi waliobaki. Wakasimama. Nikaleta mizinga. Hudec ameniandikia kwamba wale alizeti wako, walipokuwa wanapita mbio kando yao, vikosi viwili kati ya vitatu vilisimama na kugeuka, kwa sababu mtu akimwona aliyetulia naye hutulia, ipo kwenye kanuni. Vikavuka daraja taratibu kama watu wanaotoka kanisani. Ilipofika jioni niliwamaliza Wazee wote, mpaka mpiga ngoma, na ng'ambo ya mto jeshi lako lilikuwa limekaa linakula mkate.

Jeshi ambalo halikuvunjika. Kwa hiyo sina haki ya kuja na sanduku.

Mke wangu amerudisha chombo cha kioo. Ameweka na maua ya plastiki, ya njano. Kila akipita anayarekebisha.

Miaka yote niliyocheza na Bohumír hakuthubutu kuwaleta Wazee mbele hata mara moja. Mwanawe naye hakuthubutu. Nami nilitegemea hilo, nakwambia sasa. Nilijua watakaa nyuma siku zote, wazuri, wakiwavunja moyo wenzao.

Nina ombi. Ukinialika, nitakuja bila sanduku. Ningependa kuwaona kwa karibu. Nitaleta soseji.

Alfréd Zouhar


Bučovice, 9 Desemba 1994

Radim mpenzi,

Kaa chini kwanza. Kaa kwenye gunia la viazi.

Uliniomba neno langu, na sikukupa. Ulidhani nimesahau kujibu. Sikusahau. Nilikuwa na Wazee nyuma, salama, kama ulivyotaka, na kadiri walivyokuwa salama ndivyo wengine walivyokufa moyo. Kimoja tu kingekimbia na Zouhar angekuwa mlangoni kwetu. Ningefanya kila ulichosema na ningempa sanduku mwenyewe, nimfungie na kamba.

Ndiyo nikawapeleka darajani.

Sikulala usiku ule. Nilikwenda chumba kidogo nikawasogeza kwa mkono mpaka ukingoni mwa meza, nikamtazama yule wa mstari wa pili, nikasema, "Baba, nisamehe." Anežka akaamka, nikamchukua nikarudi naye, na tukakaa pale watatu, yaani sisi wawili na kikosi.

Wamekufa wote, Radim. Hakuna aliyekimbia. Bwana Hudec ameandika kwamba dadu ya mwisho ilipotua mkewe alitoka chumbani.

Na sasa wako kabatini, rafu ya juu, wote, mpaka mpiga ngoma, kila mmoja na sharubu zake. Hawatachukuliwa na mtu. Zouhar anakuja Jumapili baada ya Krismasi na soseji, nimemwambia atawatazama mikono ikiwa mfukoni.

Sema kitu hata kama ni kibaya.

Blanka


Kambini, 13 Desemba 1994

Blanka,

Nimekaa kwenye gunia. Nimesoma mpaka darajani nikashindwa kuendelea, nikampa koplo anisomee. Alipofika kwenye rafu ya juu alisimama akaniangalia, akasema, "We Doležel, mbona unalia, si wazima?" Nikamwambia ndiyo kwa sababu hiyo.

Ungeniuliza, ningekataa. Nawe usingekuwa na la kufanya, na Jumapili hiyo hiyo Zouhar angekuwa anakuja na sanduku. Nimelifikiria hilo siku nzima nikimenya viazi, na kila kiazi kimetoka kidogo sana.

Kuna jambo sikuwahi kukwambia. Nilipokuwa mdogo nilimwuliza Baba kwa nini tunawachora vizuri hivyo watu wasiopigana kamwe. Alinipa brashi nioshe.

Ruhusa yangu imetiwa saini. Nitashuka kituoni tarehe ishirini na tatu, treni ya mchana. Njoo na Anežka, nione meno. Usiipange upya meza kwa ajili yangu, iache kwa rangi, nataka kuiona. Ila Wazee wateremshe kutoka rafuni, uwaweke mezani mbele ya wote. Nitawaamkia nikiwa bado na buti, kabla sijavua koti.

Radim wako